Ufunguo wa Seva na Hati ya Makabidhiano

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu. Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya kompyuta katika utumishi wa umma. Mada hiyo ni bahari, nami sina chombo cha kuivuka kwa nusu saa. Kwa hiyo nimechota kikombe kimoja tu. Nitazungumza juu ya programu moja ndogo iitwayo SSH, ambayo kwayo mtu aliyeketi Dodoma huiamuru kompyuta iliyoko Dar es Salaam, au hata Ulaya, kana kwamba ameketi mbele yake. Nitaeleza kwanza ni kitu gani, kisha ilitoka wapi, kisha inafanyaje kazi. Na mwisho nitasema jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niichague, nalo ni habari ya funguo zake na nani anazishika. Wale waliosomea mambo haya wanivumilie ninapokwenda polepole. Wale wasioyasomea wasiogope, maana mwisho wa safari yetu si kwenye kompyuta bali kwenye daftari, na daftari sote twalijua.

Tuanze na seva. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuzihudumia kompyuta na simu za watu. Mwananchi akilipia maji kwa simu, mzazi akitazama matokeo ya mtihani wa mwanawe, mtumishi akitazama hati yake ya mshahara, ombi lake husafiri mpaka kwa seva na jibu hutoka huko. Seva aghalabu hukaa katika chumba chenye mitambo ya kupoza hewa na umeme wa akiba, na mara nyingi haina kioo wala kibao cha herufi. Fundi wake huweza kumaliza mwaka mzima bila kuiona kwa macho.

Basi fundi huyo aitengenezeje? Hufungua dirisha jeusi katika kompyuta yake, akaandika mstari mmoja kama huu:

ssh fundi@192.0.2.7

Neno la kwanza ni jina la programu. Neno la pili ni jina analojulikana kwalo mtumishi huyo katika seva. Baada ya alama ile ya @ hufuata anwani ya seva. Akibonyeza kitufe cha kuingiza, na akikubaliwa, tangu hapo kila aandikacho kinatekelezwa kule. Akiuliza nafasi iliyobaki katika diski, huambiwa ile ya kule. Akifuta faili, limefutwa kule. Hakuna picha wala vitufe vya rangi. Ni maneno kwenda na maneno kurudi, mfano wa simu ya maandishi ya zamani pale posta.

Vijana huniuliza kwa nini tung'ang'anie maandishi katika zama hizi za picha. Sababu ya kwanza ni wepesi. Herufi ni mzigo mdogo sana. Mtakumbuka kwamba tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania pamoja na majirani zake ikabaki na intaneti ya kudonadona. Katika siku kama zile njia nyembamba iliyobaki haipitishi picha, lakini mstari wa maandishi huweza kupenya. Sababu ya pili ni kwamba amri iliyoandikwa huweza kuhifadhiwa, kusomwa na mwenzako, na kurudiwa kesho vile vile. Mtu akikwambia "nilibonyeza pale juu kidogo kulia", huwezi kumkagua. Akikuonyesha amri aliyoiandika, unaweza.

Sasa historia yake kwa ufupi. Hamu ya kuingia katika kompyuta ya mbali ni kongwe kama mtandao wenyewe. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, jina lake Charley Kline, alijaribu kuingia katika kompyuta ya Stanford Research Institute, kiasi cha kilomita 500 kutoka pale, kwa kutumia mtandao wa ARPANET ambao ndio babu wa intaneti. Neno alilokusudia kuliandika ni LOGIN, yaani ombi la kuingia. Aliandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Alipofika herufi ya tatu mashine ya upande wa pili ikazimika. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa katika historia ya mtandao ule haukuwa salamu, bali mtu aliyekuwa akibisha hodi kwenye mlango wa mbali.

Kwa miaka mingi baadaye hodi hiyo ilibishwa kwa njia iitwayo Telnet. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri, lakini ilikuwa na kasoro moja: kila kitu kilipita wazi, hata neno la siri. Yeyote aliyekaa mahali ambapo ujumbe unapita aliweza kuusoma, kama tarishi asomavyo kadi ya posta isiyo na bahasha. Wakati mtandao ulipokuwa wa vyuo vichache, watu walivumiliana. Ulipokuwa wa dunia nzima, mambo yakaharibika.

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, mtu alitega programu ya kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo. Mtafiti mmoja wa hapo, Tatu Ylönen, akaamua kuandika programu itakayotia mazungumzo yote katika bahasha iliyofungwa. Aliitoa bure mwezi Julai mwaka ule ule, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Kila huduma katika intaneti ina namba ya mlango wake. Ylönen aliomba mlango namba 22 kwa kuwa ulikuwa wazi katikati ya 21 wa kupeleka mafaili na 23 wa Telnet, yaani zile njia mbili alizokusudia kuzirithi. Alipewa, na hata leo SSH hugonga mlango huo.

Baadaye programu ya Ylönen iliwekewa masharti ya biashara. Ndipo watu wa mradi wa OpenBSD, mwaka 1999, wakachukua toleo la zamani lililokuwa huru, wakalisafisha, wakaliita OpenSSH. Mwaka 2006 kanuni za toleo la pili zilichapishwa rasmi na jumuiya ya wahandisi wa intaneti. Leo OpenSSH imo ndani ya karibu kila seva ya Linux, imo katika kompyuta za Apple, na tangu 2018 huja pamoja na Windows 10. Kwa hiyo kijana yeyote hapa mwenye kompyuta anayo tayari, hata kama hajapata kuiita.

Inafanyaje kazi? Yako mambo matatu, na kila moja lina jibu lake.

Jambo la kwanza ni siri. Kompyuta mbili ambazo hazijawahi kukutana zitakubalianaje neno la siri, hali kila wanachosema kinasikiwa na watu wa njiani? Jibu lilitolewa na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, mwaka 1976. Nitalieleza kwa uji wetu wa asubuhi. Tuseme Juma na Ali wana uji wa aina moja, ambao kila mtu anaujua. Juma anatia viungo vyake vya siri katika sufuria yake, na Ali vyake katika yake. Kisha wanabadilishana sufuria. Sasa Juma anatia viungo vyake vile vile katika sufuria iliyotoka kwa Ali, na Ali anafanya hivyo katika ile iliyotoka kwa Juma. Sufuria zote mbili sasa zina ladha moja. Mwizi aliyeonja sufuria njiani hawezi kuipata ladha hiyo, kwa sababu kuchanganya ni rahisi, lakini kuchambua kilichokwisha kuchanganyika ni kazi isiyowezekana. Kompyuta hufanya hivyo kwa namba kubwa mno badala ya viungo.

Jambo la pili ni kujua huyo unayebadilishana naye sufuria ni nani hasa. Ukifika mara ya kwanza kwa seva usiyoijua, SSH hukuonyesha mstari wa herufi na tarakimu, ambao twaweza kuuita alama ya kidole ya seva, kisha hukuuliza: una hakika wataka kuendelea? Ndugu zangu, hilo ni swali zito kuliko yote katika kazi hii, na karibu kila mtu hulijibu pasipo kusoma. Anaandika ndiyo, anaendelea. Mtu mwovu akikaa katikati, akajifanya seva kwako na kujifanya wewe kwa seva, basi umefunga bahasha vizuri sana na kumkabidhi mwizi mkononi. Ukishakubali mara moja, programu huiandika alama ile katika kumbukumbu zake, na siku ikibadilika hukupigia kelele kwa herufi kubwa. Yawezekana seva imejengwa upya; yawezekana pia si yenyewe. Mtu mwangalifu hupiga simu akauliza. Mtu mwenye haraka hufuta mstari ule wa kumbukumbu, kelele zikanyamaza, akaendelea na kazi. Ni sawa na mlinzi wa geti ambaye, barua ya utambulisho ikimtatiza, anaichana ili asitatizike tena.

Jambo la tatu ni seva nayo kukujua wewe. Hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni neno la siri, ambalo laweza kubahatishwa. Seva yoyote yenye mlango namba 22 wazi kwa dunia hubishiwa hodi na mashine za wahuni usiku na mchana, zikijaribu neno hili na lile. Njia ya pili, na ndiyo bora, ni jozi ya funguo. Unaandika amri hii:

ssh-keygen -t ed25519

na kompyuta yako hukutengenezea funguo mbili zilizozaliwa pamoja: mmoja wa siri, mwingine wa wazi. Ule wa wazi unapelekwa kwenye seva, ukaandikwa mstari mmoja katika faili liitwalo authorized_keys. Ule wa siri hautoki katika kompyuta yako. Mfano wake ni kadi ya sahihi pale benki. Benki ina kielelezo cha sahihi yako. Yeyote akiiona kadi hiyo hawezi kuchota fedha zako, maana mkono unaotia sahihi unao wewe. Ila sahihi ya mkono huigizwa, na hii, kama imetengenezwa vema, haiigiziki.

Sasa nimefika pale nilipotaka kufika.

Ufunguo huo una tabia moja ambayo watu wengi hawaifikirii: hauzeeki. Neno la siri watu hulisahau, au ofisi hulazimisha libadilishwe. Lakini mstari ule katika faili la seva hukaa hapo mpaka mtu aufute kwa mkono wake. Mtumishi akihamishwa, mstari upo. Akistaafu, upo. Akifukuzwa kazi, upo. Programu haijui habari za barua za uhamisho.

Katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja jina, nilikuwamo katika kikundi kilichotumwa kuhamisha kumbukumbu kutoka seva kuukuu kwenda mpya. Zilikuwa kumbukumbu za viwanja vya wananchi. Kabla ya kuanza tulifungua faili la funguo. Tulikuta mistari 14. Watumishi waliokuwa na haki ya kuingia siku ile walikuwa 5. Tukakaa siku nzima tukiulizana wale 9 ni akina nani. Wawili walikuwa wamestaafu. Wawili walihamia mikoa mingine. Watatu walikuwa mafundi wa kampuni ambayo mkataba wake ulikwisha zamani. Mmoja alikuwa marehemu, na kompyuta yake ya mkononi ilibaki nyumbani, watoto wanaitumia kusomea. Wa mwisho hakuna aliyemjua, maana mwishoni mwa mstari wake liliandikwa neno "jaribio" tu.

Sisemi kwamba mtu aliiba kiwanja. Hatukuona dalili hiyo. Jambo lililonikosesha usingizi ni hili: hapakuwa na mtu katika chumba kile aliyeweza kuapa kwamba hakuna aliyeingia. Mwananchi ambaye nyumba yake imesimama juu ya mstari mmoja wa kumbukumbu zile alistahili kiapo hicho, nasi hatukuwa nacho.

Na ajabu ni kwamba ofisi ile haikuwa ya watu wazembe. Yule marehemu, tuliona katika jalada lake, vitu vyake vyote vya serikali vilikuwa vimerudishwa kwa maandishi: ufunguo wa dawati, ufunguo wa kabati la masjala, pikipiki pamoja na kofia yake ya chuma, kila kimoja kimetiwa sahihi na aliyekabidhi na aliyepokea. Pikipiki ilikuwa na hati ya makabidhiano. Seva yenye viwanja vya mji mzima haikuwa nayo. Sababu si uovu. Sababu ni kwamba pikipiki yaonekana, na mstari katika faili hauonekani.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sidhani walikuwa na seva mawazoni, lakini sijaona kanuni ya ulinzi wa kompyuta inayolisema jambo hili vizuri zaidi.

Isije mtu akadhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini peke yake. Nitatoa mifano miwili kutoka kwa mabingwa wenyewe. Mwezi Mei 2008 ilitangazwa kwamba mfumo wa Debian, unaotumika katika seva nyingi duniani, ulikuwa na kasoro tangu 2006. Fundi mmoja alikuwa ameondoa mstari wa programu ulioonekana hauna maana, kumbe ndio uliochanganya bahati nasibu ya kutengenezea funguo. Matokeo yake, badala ya namba zisizohesabika, funguo za aina moja na ukubwa mmoja zilizoweza kuzaliwa zilikuwa 32,767 tu. Mwizi aliweza kuzitengeneza zote akazijaribu moja moja. Dawa ilikuwa kuzitafuta funguo zote za kipindi kile na kuzitupa. Fikirini ninyi wenyewe: mwenye daftari alijua pa kuanzia. Asiye nalo alianza kwa kuulizana, kama sisi tulivyoulizana.

Mfano wa pili ni wa mwezi Machi 2024. Iko programu ndogo ya kubana mafaili, jina lake xz, iliyotunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, ambaye kwa muda wa miaka zaidi ya 2 alijenga imani mpaka akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Ndipo akapenyeza ndani yake mlango wa siri. Kwa kuwa baadhi ya mifumo ya Linux wakati ule iliiunganisha programu hiyo na SSH, mwenye mlango huo angeweza kuziamuru seva nyingi mno. Aliyeokoa jahazi ni mhandisi mmoja, Andres Freund, ambaye aliona kwamba kuingia kwa SSH kulichukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, naye hakukubali kulipuuza. Jia Tan ni nani, alikuwa mtu mmoja au kikundi, halijajulikana hadharani. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulikabidhiwa kwa mkono, kwa nia njema, kwa mtu ambaye hakuna aliyepata kumwona uso.

Kutokana na hayo napenda kutoa mapendekezo machache, hasa kwa wenzangu mnaosimamia ofisi, ziwe za umma au za binafsi.

Kwanza, kila mtu awe na ufunguo wake. Ufunguo wa pamoja hauna mwenyewe, na kosa likitokea halina mwenyewe vile vile.

Pili, ufunguo wa siri ulindwe kwa fungu la maneno ambalo mwenyewe hulitaja kabla ya kuutumia, ili kompyuta ikiibwa mwizi asipate vyote viwili kwa mkupuo.

Tatu, seva ikatazwe kupokea maneno ya siri, ipokee funguo tu. Lakini fundi asifunge dirisha lake la kwanza kabla ya kufungua la pili na kuhakikisha kwamba anaingia kwa ufunguo. Wapo waliojifungia nje, wakasafiri usiku kucha kwa basi kwenda kuigusa seva kwa mkono.

Nne, alama ya kidole ya kila seva ichapwe kwenye karatasi na kuwekwa ofisini, ili lile swali la kwanza lijibiwe kwa kulinganisha na si kwa kubahatisha.

Tano, liwepo daftari la funguo. Safu zake ni chache: jina la mwenye ufunguo, alama ya ufunguo, seva anayoingia, tarehe ya kupewa, aliyeidhinisha, na tarehe ya kuondolewa. Likaguliwe kila robo mwaka kwa kulilinganisha na lile faili la seva lenyewe, mstari kwa mstari, kama mkaguzi anavyolinganisha leja na bohari.

Sita, hati ya makabidhiano ya kila mtumishi anayeondoka iwe na mstari mmoja zaidi baada ya ule wa pikipiki: funguo zake za seva zimeondolewa, tarehe fulani, sahihi ya aliyeziondoa. Mstari huo haugharimu shilingi. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika nchini mwetu, na anayetunza taarifa za watu anapaswa kuzilinda. Sijui atawezaje kujitetea mbele ya sheria hiyo mtu asiyejua ni nani mwenye ufunguo wa ghala lake.

Ndugu Mwenyekiti, si vema kuhubiri nje na kuacha nyumbani. Umoja wetu huu una seva ya kukodi, ambayo ndani yake mna orodha ya wanachama, namba zetu za simu, na hesabu ya michango ya bweni jipya. Ufunguo wake unao ndugu yetu mmoja, ambaye kwa moyo mwema aliitengeneza na kuitunza bila malipo, nasi sote twamshukuru. Lakini ndugu huyo ni binadamu, na yuko ng'ambo kikazi. Akiugua, au simu yake ikipotea, orodha na hesabu zitabaki mahali tusipopafikia. Kwa hiyo naomba mkutano huu uazimie kwamba funguo ziwe tatu, yaani wa Katibu, wa Mweka Hazina, na wa fundi wetu. Kwamba daftari lake likae kwa Katibu pamoja na kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Na kwamba kila tunapochagua viongozi wapya, funguo zikabidhiwe mbele ya mkutano kama tunavyokabidhi kitabu cha risiti. Kufanya hivyo si kumshuku mtu. Tunamtua ndugu yetu mzigo ambao hakupaswa kuubeba peke yake.

Neno langu la mwisho ni kwenu vijana. Msingoje intaneti ya kasi ndipo mjifunze. Chukueni kompyuta mbili kuukuu kutoka chumba cha kompyuta, ziunganisheni kwa waya mmoja, moja iwe seva, nyingine iwe ya fundi. Tengenezeni jozi ya funguo. Isomeni alama ya kidole kabla ya kuandika ndiyo. Mpeni mwenzenu ufunguo, kisha mwondoleeni, mwone jinsi mlango unavyomkataa. Baada ya wiki moja mtajua jambo ambalo wakubwa wengi maofisini hawajalijua. Ila mazoezi yenu yaishie kwenye kompyuta zenu wenyewe. Kubisha mlango usio wako ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hakimu hatauliza kama ulikuwa ukijifunza.

Na siku mtakapoajiriwa, mkakabidhiwa seva ya watu, jambo la kwanza kabla hamjaandika amri nyingine yoyote, fungueni faili lile la funguo mhesabu mistari. Kisha ulizeni: hawa ni akina nani?

Ndugu Mwenyekiti, kwa hayo machache naomba kutoa hoja.